Maji Yaliyosimama Mlangoni pa Jikoni

Mkuu wa kituo aliliweka jalada mezani kwa Inspekta saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumanne. "Hilo limeiva," alisema. "Mtu amekiri. Saa nane liwe mahakamani."

Lilikuwa jalada jembamba, na Inspekta hakuyapenda majalada membamba. Jumamosi alfajiri, bibi wa miaka sabini na tisa alitoka mlango wa jikoni kwake, akateleza kwenye maji yaliyosimama juu ya sakafu ya zege kando ya nyumba, akapiga kisogo kwenye kizingiti. Alikufa pale pale. Sakafu hiyo ilikuwa imetengenezwa upya wiki tano kabla, na ilitengenezwa ili maji yasisimame. Fundi mwenyewe alifika saa moja baadaye, akaiona maiti, akayaona maji, akasema mbele ya watu kumi, "Kazi ni yangu, kosa ni langu." Basi. Polisi wawili waliokuwapo wakamtia pingu, na tangu saa ile hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia maji yale yamezuiwa na nini. Ainame kwa nini, na mtu amekiri? Hakuna kitu mpelelezi mvivu anachokipenda kama mtu aliyekiri.

Inspekta alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, ana goti bovu na mdomo usio na subira. Aliyasoma maelezo ya fundi mara mbili, akashuka mahabusu.

Mtaani walimwita Fundi Ndoo. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, suruali yake bado ina saruji magotini.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta. Askari wa zamu akacheka. Inspekta akamtazama mpaka kicheko kikamkauka.

"Marahaba, mwanangu."

"Umekiri nini hasa?"

"Nimekiri maji. Yalisimama."

"Yalisimama kwa sababu gani?"

"Sijui."

"Hujui, na umekiri?"

"Mtu akinikabidhi sakafu yake, maji yakasimama, nimsingizie nani? Mvua?"

"Kwa kifo cha uzembe unaweza kula miaka saba. Hilo umeambiwa?"

"Nina sitini na sita." Fundi alihesabu kidogo kwa midomo. "Basi nitafia humu."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya misumari, na Inspekta akapandwa na hasira. Alivuta ndoo ya usafi, akaipindua, akaikalia.

"Nieleze ulichofanya. Polepole, mimi si fundi."

Ndipo mzee akachangamka. Sakafu ya zamani, alisema, ilikuwa imelalia nyumba. Maji yote ya uani yalikuwa yakirudi jikoni. Aliivunja, akamwaga zege jipya lenye mteremko wa kuikimbia nyumba: kila mita moja ameshusha sentimita mbili, upana mita nne, jumla sentimita nane. Mwisho wa mteremko akachimba kishimo, akakifunika kwa wavu wa chuma, na chini yake akalaza bomba la mita tisa linalopita chini ya ukuta wa ua hadi mtaro wa barabarani.

"Ulilijaribu?"

"Ndoo saba. Mbele ya bibi mwenyewe. Kazi yangu siikabidhi mpaka nimemwaga ndoo saba. Ndiyo maana wananiita hivyo, wananicheka." Alitabasamu kidogo. "Maji yalikimbia, mwanangu. Bibi alipiga vigelegele."

"Na Jumamosi ulifuata nini asubuhi yote ile?"

"Mwiko wangu. Nikimaliza sakafu, mwiko wa kusawazishia nauacha kwa mwenye nyumba mpaka mvua ya kwanza ya kweli. Mvua ikipita, narudi, naiangalia kazi. Ikiwa nzuri nachukua mwiko. Ikiwa mbaya, mwiko upo, naanza upya. Baba yangu alifanya hivyo. Ilinyesha Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi nikaja."

"Ukayakuta maji yamesimama. Kwa nini hukufungua wavu ukatazama?"

Fundi alimwangalia kama anayemwonea huruma. "Bibi wa watu amelala pale chini, shuka bado hawajamfunika. Mimi nianze kuchokonoa bomba?"

Inspekta aliinuka, goti likalia. Akamwambia askari wa zamu amtoe mzee, na begi lake la vifaa litolewe stoo. Askari akauliza kwa idhini ya nani. Inspekta akasema kwa idhini ya goti lake, ambalo halikushuka ngazi zile kwa mchezo, akasaini kitabu.

Nyumbani kwa marehemu walikuta viti vya matanga bado vimepangwa, watu wachache tu asubuhi hiyo. Kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, alitoka sebuleni na simu mkononi. Alikuwa mtu wa shati zuri na sauti ya mikutanoni. Alipomwona fundi akishuka garini na pingu zake, alipiga kelele mpaka waombolezaji wakageuka.

"Hii ni dharau gani! Mnamleta muuaji matangani?"

"Nimemleta fundi kwenye kazi yake," alisema Inspekta. "Kama ni muuaji tutajua leo. Nani anakaa hapa?"

"Mama alikuwa anakaa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Lakini nyumba hii naihudumia mimi. Hata huyu fundi nilimleta mimi!"

Kitinda mimba alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono imechubuka kwa sabuni, mwenye uso wa mtu ambaye hajalala usingizi kamili kwa muda mrefu. Aliamkia, akauliza kama wangekunywa chai. Inspekta akasema baadaye.

Fundi alifunguliwa pingu. Akatoa kwenye begi mpira mrefu mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, akampa Inspekta ncha moja.

"Ishikilie hapo ukutani. Maji ya ncha zote mbili yanakaa usawa mmoja hata ungefanyaje. Kisha tunapima kutoka usawa huo mpaka sakafuni, kwako na kwangu."

Walipima mara tatu, mwanzo wa sakafu, katikati na mwisho. Upande wa nyumba sentimita mia moja. Upande wa wavu mia moja na nane. Inspekta aliandika, akamwonyesha kaka mkubwa.

"Mteremko upo, na ni kama alivyosema."

"Mama yangu amekufa, unanionyesha namba?"

"Ndiyo. Mama yako amekufa, nami nakuonyesha namba. Leteni maji."

Kitinda mimba alileta ndoo mbili. Fundi alizimwaga taratibu kutoka kizingitini. Maji yaliikimbia nyumba moja kwa moja, yakafika kwenye wavu, yakaingia. Yakajaa. Kisha yakaanza kurudi, kidogo kidogo, yakitandaa kwenye zege kuelekea miguuni mwao.

"Bomba," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Si sakafu. Ni bomba."

Inspekta alitoka hadi mtaroni. Mdomo wa bomba ulikuwa mkavu kabisa, na ulikuwa hatua tatu kutoka geti la jirani. Jirani mwenyewe, mwanamume mnene aliyevaa ndala, alikuwa ameshatoka kuangalia. Kaka mkubwa akamnyooshea kidole kabla hajasalimia.

"Huyo! Huyo aliapa kuliziba! Mtaa mzima ulimsikia!"

"Ni kweli?" aliuliza Inspekta.

"Kusema nilisema," alijibu jirani. "Maji yao yanamwagika karibu na geti langu, nisiseme? Mimi husema, afande. Mke wangu naye namwambia nitamwacha tangu mwaka tuliooana. Muulize yuko wapi. Yuko ndani anapika."

"Ulifanya nini baada ya kusema?"

"Nililala."

Wambea wawili watatu walicheka. Inspekta hakucheka. Aliomba waya, fundi akampa koili ya waya mgumu, wakausukuma ndani ya bomba kutokea mtaroni. Uliingia bila shida, mita moja, mbili, tano, nane. Mita nane na nusu ukagonga kitu, ukakataa. Fundi alijaribu kuuzungusha, ukakataa tena.

"Bomba lina mita ngapi?"

"Tisa."

"Kwa hiyo kizuizi kiko nusu mita tu kutoka kwenye wavu, ndani ya ua." Inspekta alimgeukia jirani. "Uliwahi kuingia uani kwao?"

"Ukuta ule? Na tumbo hili?"

"Geti?"

"Tunafunga kwa ndani," kitinda mimba alijibu bila kuulizwa. "Usiku na mchana. Mama alikuwa anaogopa watu."

Inspekta alimwambia jirani aende akale. Wakarudi uani.

Fundi alipiga magoti, akang'oa wavu, akakomba maji kwa kopo. Akaingiza mkono mpaka begani, uso umegeukia pembeni, na wote wakausoma uso huo. Kwanza ulishangaa. Kisha ukakunjamana.

"Tindo," alisema. "Na nyundo."

Alichokonoa kwa robo saa. Alichotoa kilikuwa bonge la saruji ukubwa wa ngumi mbili, likafuatwa na maji yaliyokuwa yamesubiri, yakishuka bombani kwa mlio wa koo linalomeza. Fundi aligeuza bonge mkononi, akalipiga nyundo, likapasuka.

"Hii si yangu. Angalia, saruji tupu, haina hata chembe ya mchanga. Fundi hawezi kufanya hivi, hata mwanafunzi wa fundi hawezi. Huyu hajui kitu."

"Saruji imetoka wapi?"

"Nilibakisha nusu mfuko stoo."

Katikati ya bonge palikuwa na kitambaa kilichokunjwakunjwa kuishikilia saruji isishuke. Inspekta alikivuta. Hakikuwa kitambaa, kilikuwa kipande cha mpira laini wa bluu, upana wa kiganja, kimekatwa kwa mkasi kwa mstari ulionyooka. Alikisuuza, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Mwiko wa mzee uko wapi?"

"Mama aliuweka chini ya kitanda chake," alisema kitinda mimba. Alikwenda, akarudi nao umefungwa kwenye gazeti. Fundi aliufungua, akauinua juani.

"Mimi mwiko wangu naulaza msafi. Bibi aliuona, aliniambia unang'aa kuliko vijiko vyake." Alipitisha ukucha pale mpini unapoungana na chuma. Vumbi la kijivu likadondoka. "Umetumika huu."

Kaka mkubwa alikuwa amechoka kusubiri. "Sasa hayo yote ya nini? Mwiko ni wake, saruji ni yake. Si amejiumbua mwenyewe?"

"Yeye alikuwa nje ya geti lililofungwa kwa ndani. Wewe ulikuja mara ngapi wiki hizi tano?"

"Mara... mara mbili. Nina kazi, afande."

"Kwenye hizo mara mbili, uliingia chumbani kwa mama?"

"Mimi?" Alishtuka, kama ametukanwa. "Chumbani kwa mama siingii. Ile harufu siiwezi, nakuambia ukweli. Nikija nakaa sebuleni, analetwa tunasalimiana. Miaka mingi sasa. Muulize mdogo wangu."

"Ni kweli," alisema mdogo wake. "Hajawahi kuingia."

Inspekta alifunga daftari. Kama angepewa ruhusa ya kumfunga mtu kwa jibu moja tu, angemfunga huyu. Lakini jibu lile lile ndilo lililomtoa kaka mkubwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa imebaki na mtu mmoja.

"Nionyeshe chumba," alimwambia kitinda mimba.

Kilikuwa chumba kidogo, kisafi mno. Harufu ya dawa na mkojo uliosuguliwa kwa sabuni kila siku bila kuisha. Inspekta aliinua shuka. Godoro lilikuwa limetandikwa mpira wa bluu, ule wa mgonjwa asiyeweza kuzuia haja. Kwenye kona ya miguuni ulikuwa umepungua kipande, upana wa kiganja, kwa mkasi, kwa mstari ulionyooka. Hakuhitaji hata kukilinganisha, lakini alikilinganisha kwa sababu ndiyo kazi.

Kitinda mimba alikaa kitandani.

"Umekata wewe," alisema Inspekta.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Mama alikuwa amelala."

"Ulitaka aanguke?"

"Mungu wangu! Hapana!" Aliziba mdomo kwa viganja, akavitoa. "Nilitaka maji tu. Yaingie jikoni. Kaka ayaone."

"Ayaone ili iweje?"

"Mwaka jana yaliingia mpaka kifundo cha mguu. Nikampigia. Akasema, 'Yakiingia tena, mama namchukua kwangu, nawe upumzike.' Alisema kwa mdomo wake, afande. Nina miaka kumi na moja humu ndani. Nimemwosha, nimemlisha, nimemgeuza. Mchumba nilikuwa naye, akangoja, akachoka. Watu wanaomba mvua kwa ajili ya mashamba, mimi mwaka mzima nimeiomba initoe humu. Mvua ikakaribia. Kaka akaleta nini? Akaleta fundi."

Nje alisikika kaka mkubwa akiongea na simu, akimweleza mtu kwamba polisi wanacheza.

"Hukumwambia umechoka?"

"Nilimwambia. Akasema mama ana bahati sana kuwa na mimi." Alicheka, kicheko kibaya kusikia. "Siku ya zile ndoo saba, mama alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda stoo nikalia. Ndipo nikauona mfuko wa saruji."

"Mvua ikanyesha Alhamisi."

"Ijumaa maji yakagusa kizingiti. Nikampigia asubuhi, nikamwambia kaka, maji yamerudi, njoo. Akasema anakuja Jumapili. Nikamwambia mama asitoke. Hajatoka peke yake miaka yote. Lakini alijua fundi atafuata mwiko wake, akataka akaone kwanza maji yanavyokimbia. Na mimi nilikuwa nimelala. Usiku ule niliamshwa mara sita, alfajiri nikapitiwa. Siku moja tu, afande."

Inspekta alingoja mpaka alipomaliza kufuta uso. "Na mzee yule?"

"Alisema mwenyewe kosa ni lake."

"Nawe ukamwacha."

"Nikamwacha."

"Dada, hayo mengine yote nimekuelewa. Nimekuelewa kuliko unavyofikiri. Lakini mzee wa watu amelala kwenye saruji siku tatu, wewe unagawa chai. Hilo sikuelewi, na usinieleze. Simama."

Uani, Fundi Ndoo alikuwa amejichotea maji mwenyewe na kuyamwaga. Yalikimbia, yakaingia kwenye kishimo wazi, yakapotea, na zege likabaki na unyevu tu. Alimgeukia Inspekta, meno yote nje. "Umeona? Sentimita nane! Nilijua mimi!" Kisha akaona pingu ziko mikononi mwa nani, na meno yakarudi ndani.

"Nisamehe, mzee," alisema kitinda mimba.

Fundi aliangalia chini. "Nimelala siku tatu najiuliza nimekosea wapi," alisema. "Ile sakafu nimeipima kichwani mara mia. Nimemkosoa mpaka marehemu baba yangu. Usiniombe leo, binti yangu. Leo sina."

Kaka mkubwa alichelewa kuelewa. Alipoelewa, simu ilimponyoka. "Wewe? Wewe ndiye? Umemuua mama kwa mikono yako! Mama aliyekuzaa!"

"Ijumaa alikupigia simu," alisema Inspekta.

"Mimi siongelei simu!"

"Mimi naiongelea. Alikupigia?"

"Nilikuwa kikaoni."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba... nitakuja Jumapili."

"Ukaja?"

Jumapili alikuwa amekuja kweli, na mstari mrefu wa magari nyuma yake, na alibeba jeneza upande wa mbele. Waombolezaji waliokuwa mlangoni walimwona hivyo, na sasa walikuwa wanamtazama.

"Unaniandika na mimi?" aliuliza kwa sauti tofauti.

"Nikuandike kosa gani? Sheria haina kifungu cha Jumapili." Inspekta alimsukuma kitinda mimba taratibu mbele yake. "Mzee, panda gari, ukasaini karatasi za kutoka. Begi lako usilisahau."

Pembeni mwa kishimo, kitinda mimba alisimama. Vipande vya saruji vilikuwa vimetapakaa kwenye zege, na shimo lilikuwa wazi.

"Kaka," alisema. "Shangazi anakuja saa nane na haoni vizuri. Zoa hivyo vipande, urudishe wavu mahali pake. Asije akaanguka na yeye."

Kisha akaenda garini mwenyewe, hakuvutwa. Kaka mkubwa alibaki uani. Alitazama vipande vya saruji, akatazama viatu vyake, akaenda hadi mlango wa jikoni, akachungulia ndani kulia na kushoto. Akarudi.

"Fagio linakaa wapi?" aliuliza.

Waombolezaji walitazamana. Aliyejua alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma cha gari la polisi, na Inspekta alikuwa anafunga mlango.